Je, Kosa la Kukata Mti ni Moja Kila Mahali?

Ndugu msomaji, tuanze na swali. Watu wawili wamekata mti mmoja mmoja. Wa kwanza yuko Pemba. Amekata mwembe mzee pembezoni mwa shamba lake apate kuni. Wa pili yuko Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Amekata mti wa porini apate matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta za shimo la dhahabu lisije likamwangukia. Wote wawili wana haja ya kweli. Hakuna aliyeiba. Je, wamefanya jambo moja?

Anayehukumu kwa haraka atasema kwamba ni moja. Atasema mti ni mti, haja ni haja, na matendo hupimwa kwa nia. Ni kweli kwamba nia ni msingi wa tendo. Lakini nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kujua kwamba anachokichukua kinatoka wapi na kitarudi lini. Mtu akikopa shilingi elfu kwa tajiri, na mwingine akikopa shilingi elfu kwa yatima, wote wamekopa elfu. Walakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kuchelewesha deni la huyu na la yule ni sawasawa. Basi ardhi nayo hukopesha. Iko ardhi yenye uwezo wa kungoja na iko ardhi isiyoweza, na kinachozitenga mbili hizi, kwa sehemu kubwa, ni mvua na jua. Ili tuyaone hayo vizuri, yatupasa kwanza tufahamu jinsi ardhi inavyotoa na inavyorudishiwa.

NGUVU INAYOPITA NA RUTUBA INAYOZUNGUKA

Kila kilicho hai kinahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni nguvu, nayo hutoka katika jua. Jani hunasa sehemu ndogo sana ya mwanga, kiasi cha sehemu moja katika mia, likaifanya kuwa sukari, na ubao, na nyasi. Mbuzi akila nyasi hupata sehemu ya nguvu ile. Iliyobaki humpotea kwa joto la mwili, kwa kutembea na kwa kupumua. Anayekula nyama ya mbuzi hupata sehemu ya sehemu. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila hatua ni kama sehemu moja ya kumi tu inayovuka kwenda hatua ya pili, na kwa wanyama wenye damu ya moto huwa pungufu zaidi. Ndiyo sababu nyasi ni nyingi, swala ni wachache, na simba ni wachache zaidi. Nguvu hii hairudi. Iliyokwisha kuwa joto imekwenda zake, na kesho hatuna budi kulingoja jua jingine.

Cha pili ni rutuba: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chokaa na vinginevyo, ambavyo hujenga jani na mfupa. Hivi havitufikii kila asubuhi pamoja na jua. Vingi katika hivyo ndivyo vile vile vya tangu zamani, navyo huzunguka. Hutoka udongoni vikaingia mtini, vikaanguka pamoja na jani, vikaozeshwa na wadudu, kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikarudi udongoni, na mti mwingine ukavipokea. Fosforasi iliyo katika mfupa wa mtu leo imekwisha kupita katika majani na wanyama wasiohesabika. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema juu ya rutuba kwamba "hii ni yangu" kwa maana kamili ya neno hilo. Ni amana iliyo mikononi mwake kwa muda, kama ilivyokuwa mikononi mwa waliomtangulia.

Tofauti ya vitu hivi viwili ina funzo. Nguvu ya jua haiwezi kulimbikizwa na mmoja akamnyima mwenziwe. Jua la kesho ni la wote. Rutuba yaweza kulimbikizwa, yaweza kuibwa, yaweza kupotezwa. Hapo ndipo mlango wa haki na dhulma unapofunguka.

HALI YA HEWA HUPANGA TAREHE YA MALIPO

Sasa tuje katika kiini cha maneno yetu. Kuoza ndiko kurudisha, na kuoza kunataka joto na maji kwa pamoja. Pakiwa na maji bila ya joto, kama katika nchi za baridi za kaskazini, majani hurundikana miaka na miaka yakawa tabaka nene jeusi lisilooza. Pakiwa na joto bila ya maji, jani hukauka tu likabaki lilivyo.

Pemba ina joto, ina unyevu wa bahari, na ina mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Jani likianguka leo, haupiti muda mrefu litakuwa udongo. Bugarama si hivyo. Huko msimu wa mvua ni mmoja, huanza Oktoba au Novemba ukaisha Aprili au Mei. Baadaye huja kiangazi kirefu, nyasi zikawa za rangi ya mchanga na ardhi ikapasuka. Shinyanga mjini hupata kiasi cha milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka mzima. Pemba hupata karibu mara mbili ya hizo au zaidi. Katika miezi ya kiangazi vijidudu vya udongoni hulala. Jani, kinyesi cha mnyama na mzizi uliokufa vyote hungoja.

Na mvua ya kwanza inapopiga, hutokea jambo la ajabu. Mwaka 1958 mtaalamu aitwaye H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi, aliandika kwamba udongo uliokauka sana ukirudishiwa maji, vijidudu huamka kwa ghafula na kutoa naitrojeni kwa wingi katika siku chache za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kadiri udongo ulivyokauka zaidi, ndivyo utoaji ulivyokuwa mkubwa zaidi. Wataalamu wa udongo duniani kote hulitaja jambo hilo kwa jina lake mpaka leo. Mkulima naye alikwisha kuliona kwa macho yake, kwani anajua kwamba mahindi yaliyopandwa mvua za mwanzo huwa na rangi nyingine kabisa na ya yule aliyechelewa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangwa. Mahali penye msimu mmoja, malipo ya mwaka mzima hutolewa kwa wingi katika siku zile chache. Kama mizizi ipo tayari kupokea, neema imefika. Kama ardhi iko uchi, haina mti, haina nyasi, haina mizizi, basi mvua ile ile iliyoifungua hazina ndiyo inayoikokota kuipeleka mtoni. Mvua haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mlangoni hapakuwa na wa kupokea.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba penye mvua nyingi pana usalama wa kila namna. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki, karibu na Amani, wakapanda kahawa. Walipoiona miti mikubwa ile walidhani udongo wake ni tajiri kupita kiasi. Haukupita muda kahawa ikadhoofu na mashamba yakaachwa. Sababu ni kwamba katika nchi ya mvua nyingi sehemu kubwa ya utajiri haikai udongoni, kwani mvua huuosha. Hukaa katika miti yenyewe, ikizunguka upesi kutoka jani kwenda mzizi. Ukiondoa miti umeondoa hazina, umebakiwa na sanduku tupu. Kwa hiyo hata ndugu yetu wa Pemba ana mpaka wake. Mwembe mmoja ardhi yake itaulipa mapema. Akifyeka kilima kizima, mvua zile zile zilizokuwa zikimlipia zitageuka kuwa wadai wake.

MCHWA, NG'OMBE NA MOTO

Mahali ambapo unyevu haupo nusu ya mwaka, nani anayefanya kazi ya kurudisha? Katika nchi kama ya Kahama na Geita wapo watatu.

Wa kwanza ni mchwa. Huchukua majani makavu, vijiti na nyasi akaviingiza ndani ya kichuguu, ambamo hutunza unyevu na joto lake mwenyewe, na wengine katika jamii yao hulima kuvu humo na kula mavuno yake. Amejijengea masika yake katikati ya kiangazi. Udongo wa kichuguu kwa kawaida huwa na rutuba kuliko ulio kando yake, na wakulima wengi huuchukua wakausambaza mashambani. Mwenye kumwona mchwa kuwa adui tu, kwa sababu amemlia boriti ya nyumba, hajamjua vizuri.

Wa pili ni ng'ombe, na kabla yake walikuwa wanyama wa porini. Tumbo la ng'ombe ni mahali penye joto na maji mwaka mzima. Nyasi ambayo ingengoja miezi sita ioze, ndani ya tumbo lile husagwa kwa siku chache, na samadi ikatoka. Wasukuma ni wafugaji wa tangu zamani, na samadi ya zizini ilikuwa akiba ya shamba. Lakini ng'ombe naye huhamisha rutuba: hula mbali akalala karibu. Samadi ikikaa zizini isirudishwe shambani, malisho yamenyang'anywa na shamba halikupewa.

Wa tatu ni moto, naye ni mlipaji mwenye haraka na mwenye hasara. Moto ukipita katika nyasi kavu, chokaa na potasiamu hubaki katika majivu, lakini naitrojeni iliyo nyingi hupaa pamoja na moshi. Moto wa mapema, wakati nyasi bado zina unyevu, huwa mdogo. Moto wa mwisho wa kiangazi huua miche na kuiacha ardhi uchi siku chache kabla ya mvua, yaani katika saa ile ile ambapo ilihitaji kufunikwa. Kiberiti ni kile kile, mkono ni ule ule, lakini mwezi si mmoja.

Juu ya hayo yote kuna mteremko. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kama mkufu kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, kila pete imeshikamana na mwenzake. Msukuma hakuwa na haja ya kuambiwa, kwani ana jina kwa kila pete: luseni ni mchanga mwepesi wa juu, na mbuga ni udongo mweusi mzito wa chini. Mvua huosha juu ikaweka chini. Anayefyeka kileleni huamua, bila ya kuulizwa na bila ya kuuliza, yatakayompata jirani yake wa bondeni.

YALIYOIPATA SHINYANGA

Historia ya Shinyanga yatufundisha haya kwa vitendo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa kuwatumia watemi, iliwakusanya watu kufyeka pori ili kumfukuza mbung'o, mwenye kuleta malale kwa watu na ndorobo kwa ng'ombe. Idara ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, ilikuwa na makao yake Shinyanga. Nia ilikuwa njema, na watu na ng'ombe walipona. Lakini pori lililofyekwa halikurudi. Likafuata zao la pamba, likapanua mashamba. Mifugo ikaongezeka juu ya malisho yaliyopungua. Kisha uhamishaji wa watu vijijini, hasa mwaka 1974 na 1975, ukawatenga wengi na ardhi waliyoizoea na malisho waliyoyatunza. Ilipofika miaka ya 1980, mkoa huu ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba hakuna hata moja kati ya mambo haya lililotendwa kwa kusudi la kuiharibu nchi. Kufukuza malale ni jambo jema. Kulima pamba ni riziki. Lakini kila moja lilikopa kwa ardhi ile ile, na hakuna aliyeuliza kama deni la kwanza limekwisha kulipwa. Lau nchi hiyo ingekuwa na mvua za Pemba, pengine ingevumilia zaidi.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa ufupi HASHI, uliodumu mpaka 2004 kwa msaada wa serikali ya Norway. Mwanzoni wataalamu walihimiza watu wapande miche ya vitaluni. Baadaye waligundua kwamba dawa iliyo bora ilikuwa mikononi mwa Wasukuma wenyewe, nayo ni ngitili. Ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi na miti ikue, mpaka kiangazi kinapokuwa kikali ndipo hufunguliwa kwa utaratibu. Mkutano wa jadi uitwao dagashida ndio uliosimamia sheria zake, na aliyevunja alitozwa.

Sasa yatazame haya kwa jicho la yale tuliyoyasema. Ngitili huzuia mkono wa mtu katika miezi ambayo nyasi inanasa jua na mizizi inapokea ile rutuba ya mvua za mwanzo. Huuruhusu katika miezi ambayo nyasi imekwisha kufanya kazi yake. Wazee wale hawakusoma maandishi ya Birch, bali waliisoma hali ya hewa yao wenyewe, wakaandika sheria inayolingana nayo. Wahenga walisema akiba haiozi, na hapa akiba yenyewe ndiyo inayokua. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika mamia ya vijiji. Miti mingi haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kutoka mizizi iliyokuwa ingali hai chini ya ardhi, ikingoja kuachwa.

HIFADHI YA NANI?

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba jambo kama hili lilijulikana pia Bara Arabu, nchi ambayo mvua yake ni chache kuliko ya Shinyanga. Huko liliitwa hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Zamani za ujahili wenye nguvu walijitengea malisho mazuri wao na mifugo yao, na wanyonge wakafukuzwa. Uislamu uliondoa upendeleo ule; hima ikabaki kuwa jambo la maslahi ya umma. Imepokewa kwamba Khalifa Umar, alipomweka msimamizi wa malisho hayo, alimwagiza awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na asiwatangulize matajiri wa Madina, hata wakiwa masahaba wakubwa kama Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Sababu yake ilikuwa wazi: tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba na mitende ya kurejea, na maskini yake ikifa hana pa kurejea ila kuja na watoto wake kuomba hazina ya umma.

Hili si jambo la historia tu. Shinyanga nako ngitili nyingine ni za kijiji na nyingine ni za watu binafsi, na waliochunguza waliona kwamba mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye anayepata faida kubwa zaidi. Kwa hiyo kurudisha miti hakutoshi. Mahali ambapo hali ya hewa imebana, kila kilichofungwa kwa ajili ya wote chaweza kugeuka kuwa ukuta wa mmoja. Kuhifadhi bila ya uadilifu ni nusu ya kazi.

DHAHABU ISIYOZUNGUKA NA SUMU INAYOZUNGUKA

Turudi Bugarama. Chini ya nchi hii mna dhahabu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulio jirani ulianza kuzalisha mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wapo kote Kahama na Geita. Dhahabu ina tabia iliyo kinyume cha rutuba. Haiozi, haililiwi na mti, haichipui. Ikitoka haikui nyingine mahali pake. Kuichimba si haramu; lakini hatuwezi kuifikiria kama mavuno. Mavuno hurudi kwa mvua. Dhahabu ni mtaji unaotolewa mara moja.

Pamoja nayo huja kitu kinachozunguka sana, nacho ni zebaki. Mchimbaji mdogo huitumia kukusanya chembe za dhahabu, kisha huichoma ipae. Uchimbaji wa namna hii ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani kwa mikono ya watu duniani. Haipotei huko, upepo huichukua na mvua huishusha. Ikifika mahali penye maji yaliyotuama na tope la joto, vijidudu huigeuza ikawa ya namna iliyo mbaya zaidi, inayoingia katika mwili wa kiumbe isitoke upesi. Tulisema kwamba nguvu hupungua kila ngazi. Sumu hii huongezeka. Samaki mdogo anayo kidogo, mkubwa aliyekula wadogo wengi anayo zaidi, na mtu hukaa juu ya ngazi zote. Mji wa Minamata huko Japani ulilijua jambo hili mwaka 1956, zebaki ilipotoka kiwandani ikaingia baharini, samaki wakaliwa, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Mkataba wa dunia wa kuipunguza zebaki uliopitishwa 2013 umepewa jina la mji huo. Rwamagasa, katika Geita, palikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa na Umoja wa Mataifa katika miaka ya 2000 kwa sababu hii hii.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Huenda mtu akasema: "Mchimbaji ana njaa leo. Mnamwambia habari za jani litakalooza mwakani?" Jawabu ni kwamba haja yake ni ya kweli, wala hatumlaumu peke yake. Anayelipwa kidogo kwa kukata gogo si sawa na anayenunua magogo mia na kuyauza kwa faida. Lawama ifuate faida. Na dharura humhalalishia mtu kiasi cha kuondoa dharura, haimhalalishii kuendelea.

Mwingine atasema: "Mvua huja kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Ikija, nchi itapona." Naam, mvua haiko mikononi mwetu. Lakini kama ardhi imebaki na mizizi ya kuipokea ni jambo lililo mikononi mwetu, nasi tutaulizwa kwa hilo. Zaidi ya hayo, siku hizi binadamu amejiingiza hata katika joto la dunia kwa moshi wa viwanda na magari. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa kabla yake. Kiangazi kikirefuka na mvua zikija kwa kishindo na kwa kuchelewa, ratiba iliyowekwa na wazee wa ngitili itavurugika. Na wanaoathirika kwanza si waliotoa moshi mwingi.

Wa tatu atasema: "Sisi ni watu wa pwani. Bugarama yatuhusu nini?" Huyu na aitazame bahari yake. Kusi ndilo linalovuta maji baridi yenye rutuba kutoka vilindini katika pwani ya Somalia na Oman, samaki wakanona. Ni upepo wa nchi moja na maisha ya nchi nyingine. Na aitazame mikoko ya Rufiji, ambayo hulishwa na tope lililoletwa na mto kutoka bara ya mbali, na majani yake huburutwa na kaa mpaka mashimoni, yakawa chakula cha kamba na samaki wadogo. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe na mengi yakafa. Hakuna pwani inayojitegemea. Tena aitazame sanduku la bibi harusi. Dhahabu haina alama ya shimo ilikotoka, lakini kila bangili ilitoka katika shimo fulani, na shimo lile lilishikiliwa na miti.

LINALOTUPASA

Basi kosa si moja kila mahali. Mwenye kukata Bugarama amekopa penye mlango mmoja wa malipo kwa mwaka, katika nchi iliyokwisha kukopwa mara nyingi. Mzigo wake ni mzito zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo msaada anaostahili ni mkubwa zaidi. Mwenye mvua nyingi hana haki ya kumdharau. Ana wajibu wa kushukuru na kuchunga mpaka wake mwenyewe.

Yatupasa mambo matatu. Kwanza, kila mtu aijue hali ya hewa ya mahali alipo kama anavyojua mwezi wa kufunga na wa kufungua: lini ardhi hupokea, lini hutoa, lini yataka kuachwa. Pili, kinachotolewa kirudishwe kwa njia ile ardhi inayoweza kukipokea: samadi kwa shamba, majani kwa shina, mche kwa mti, na pale mchimbaji alipochimba shimo, lifukiwe na lipandwe. Tatu, mali iliyotoka katika ardhi isiishie mifukoni. Tunajua kwamba dhahabu iliyowekwa, ikifika kiwango chake na kupitiwa na mwaka, ina haki ya wengine ndani yake. Sheria hiyo huitoa mali iliyotuama na kuifanya izunguke, ifike kwa asiyekuwa nayo. Sonara akiulizwa dhahabu yake ilikotoka, na muuza mkaa akiulizwa pori alilolikata, na tajiri wa dhahabu akiulizwa alichokirudisha kijijini alikochimba, hayo ni maswali ya haki wala si ya udadisi. Na kila nyumba inayonunua yaweza kuyauliza.